Kiti cha Magurudumu Kwenye Menyu ya Alama

Alhamisi jioni, Tunduma. Upepo wa Julai haujapumzika tangu asubuhi, baridi kavu ya kuchuna midomo, na vumbi la foleni ya malori limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nimerudi nyumbani mapema. Nimeinjika chai nikaizima kabla haijachemka, nimetoka kibarazani, nimerudi ndani, nimekunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Situlii.

Basi niandike. Labda mikono ikipata kazi, kichwa kitapoa.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mchora ramani za nyumba. Ofisi yetu ni chumba kimoja kando ya barabara iendayo mpakani, na tuko wawili tu, mimi na Kaka Fredi, ambaye ndiye msanifu na ndiye mwenye ofisi. Wateja wananiita dada wa kompyuta.

Wiki hii Kaka Fredi alinipa kazi niliyoitamani muda mrefu, kuipanga upya menyu ya alama kwenye programu yetu ya kuchorea. Alama ni vile vichoro vidogo vilivyo tayari: mlango, dirisha, sinki, kitanda. Badala ya kuchora mlango upya kila mara, unafungua menyu, unaubofya, unaupachika ukutani. Shida ni kwamba programu ilikuja na vitu vya watu wengine. Mabafu ya kulalia ya kila umbo. Mahali pa kuwashia moto sebuleni. Piano! Sijawahi kumchorea mtu chumba cha piano, lakini kila nikitafuta choo cha kuchuchumaa lazima niipite. Stoo ya mahindi haimo. Jiko la nje halimo. Kichanja cha kuanikia kahawa, ambacho mteja wa kutoka Mbozi atakuuliza kitakaa wapi kabla hajauliza vyumba ni vingapi, hakimo. Tenki la maji juu ya mnara nalo nilikuwa nalichora upya kwa kila nyumba.

Kwa hiyo Jumatatu nilianza kufuta na kuongeza. Ni kazi ya kuumiza macho. Menyu yenyewe imeandikwa kwenye faili la maandishi, mstari kwa mstari: jina la alama, picha yake ndogo, na mahali ilipohifadhiwa. Kila alama ina nukta ya kuishikia. Mlango unaushika kwenye bawaba, sinki unalishika kwenye mgongo unaogusa ukuta. Ukikosea vipimo, choo kinatokea kikubwa kuliko sebule. Ilinitokea. Nilicheka peke yangu mpaka muuza chipsi wa nje akachungulia.

Chini kabisa ya menyu nikakuta kiti cha magurudumu, kimechorwa kama kinavyoonekana ukikitazama kutoka juu, na duara la nukta nukta kukizunguka. Lile duara ndiyo nafasi kinayohitaji ili kigeuke. Kaka Fredi alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Hicho toa," akasema. "Hatujawahi kukitumia."

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Sikukiacha kwa huruma. Nilishakichagua nikifute, kidole kiko juu ya kitufe, ndipo wateja wakaingia.

Walikuwa Baba Joshua na Mama Joshua. Baba ana duka la vipuri vya malori na wateja wake wengi ni Wazambia, kwa hiyo simu yake haikauki. Katikati ya sentensi anaipokea, "Eya mukwai," yaani ndiyo bwana, anachanganya Kibemba na Kiingereza, kisha anarudi palepale alipoishia. Wana kiwanja Mpemba, nje kidogo ya mji. Ramani yao niliichora mimi. Mitaro ya msingi imeshachimbwa, na zege lilipangwa kumwagwa Ijumaa hii, yaani kesho. Walikuja kuchagua milango na madirisha tu.

Mama Joshua alivuta kiti akakaa karibu na skrini. Ni mama mpole, anayeongea kama anaomba radhi. Mumewe alikuwa mlangoni na simu.

"Hicho nini, dada?" akaniuliza, akionyesha kile kilichokuwa bado kimechaguliwa.

Nikamwambia.

"Na hilo duara?"

"Nafasi ya kugeukia, mama."

Akalifuatisha kwa kidole. Halafu akasema, "Hebu kiweke kwenye nyumba yetu nione."

Nikakiweka kwenye korido. Duara likakata kuta za pande zote mbili. Nikakisogeza bafuni, hata mlango hakikupita. Mama Joshua aliinama mbele mpaka pua yake ikakaribia kioo, na mimi nikawa nasogeza tu, nikidhani ni udadisi wa mtu aliyeona kompyuta ikicheza.

Mumewe akamaliza simu. "Tunachagua milango au tunafanya nini?"

"Baba Joshua," akasema mkewe, bila kugeuka, "Atupele atapita wapi?"

Uso wa yule baba ulibadilika. Hakupandisha sauti. "Mambo ya nyumbani tutaongea nyumbani," akasema, akachukua funguo za gari mezani, akatoka.

Mkewe akainuka kumfuata. Alipofika mlangoni akanigeukia mimi, ambaye sikuwa nimeuliza kitu.

"Mimi ni Mama Atupele," akasema. "Joshua ni wa pili."

Mtu haitwi kwa jina la mtoto wa pili bure bure, huku kwetu wala kwingine. Nilibaki nimekaa na mkono juu ya mausi.

Kaka Fredi hakufurahi. "Dada yangu, sisi tunachora nyumba," akaniambia. "Familia za watu hatuzichori." Kwa upande wake ana haki. Baba Joshua ana marafiki wengi wenye viwanja, na mteja kama huyo akiondoka amenuna, anaondoka na wenzake.

Jumanne mama yule alinipigia simu. Sijui namba yangu aliipata wapi. Alinieleza kila kitu kwa sauti ileile ya kuomba radhi. Atupele ni binti yao mkubwa. Aligongwa na pikipiki akiwa sekondari, walipokuwa bado wanaishi Vwawa, akaumia uti wa mgongo. Alipotoka hospitali wao walikuwa ndiyo wanahamia Tunduma, kwenye nyumba ya kupanga yenye ngazi na milango ya kupita kwa ubavu. Wakampeleka kwa bibi yake huko Itumba, kwa muda. Muda ukawa mrefu. Majirani wapya wakawajua na Joshua peke yake, wakawaita kwa jina lake, na hakuna aliyewasahihisha.

"Baba yake anampenda," akasema. "Kila mwezi anapanda kule na mzigo wa vitu. Lakini akifika anakaa uani na bibi. Kwa mtoto anaingia akiwa anaaga."

Itumba ya milimani naijua, ndiko nilikozaliwa. Ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka. Nikamwona akilini yule binti, uani kwa bibi yake, akisubiri mtu wa kumsukuma hata afike barabarani.

Baada ya simu ile sikufanya kazi ya maana. Niliendelea na menyu ili Kaka Fredi asiniulize kitu, nikasahau kufunga mabano kwenye mstari mmoja, na nilipofungua programu menyu yote ilikuwa imepotea. Milango, madirisha, stoo zangu za mahindi, vyote. Nilitafuta kosa hilo hadi jana mchana. Kila mstari ninaousoma, nawaza korido ya watu. Nilipolipata na menyu ikarudi, nilikiondoa kile kiti chini kabisa nikakiweka kwenye kundi la mwanzo, pamoja na milango. Kaka Fredi alikiona. Akakiacha hapo.

Halafu leo.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Pikapu ikasimama nje, na wa kwanza kushuka alikuwa mama yule. Mumewe akazunguka nyuma, akashusha kiti cha magurudumu, akafungua mlango wa abiria, akambeba binti mzima mikononi kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Akamketisha. Sijui nyumbani walisemezana nini, lakini baba alikuwa amepanda Itumba akamleta Atupele. Wakaja mpaka mlangoni kwetu, wakasimama.

Ofisi yetu ina ngazi.

Nimeipanda kila siku ya kazi. Leo ndiyo nimeiona.

Wapakiaji wa duka la jirani wakaja kusaidia kuinua. Atupele, akiwa hewani kati ya wanaume wale, akaangalia kibao chetu juu ya mlango, akatuangalia na sisi. "Kumbe nyie ndio mnaochora nyumba?" akasema. Akacheka. Kaka Fredi naye akacheka, lakini masikio yamemwiva kwa aibu, na akaanza kusukuma printa na meza bila kuambiwa, maana ndani nako hapakuwa na pa kupita.

"Shikamoo kaka. Mambo dada." Ana lafudhi ya Itumba kabisa, ile ya bibi yangu, maneno yanapanda mwishoni. Ametimiza miaka ya utu uzima, ana macho ya mtu asiyetaka kupotezewa muda. Akaomba aione nyumba.

Nikafungua ramani, nikachagua kile kiti kwenye menyu, nikakiweka mlango wa mbele. Nikataka kumwelekeza, akasema, "Niachie." Nikamwachia mausi. Kwanza kikamponyoka kikaenda barabarani, kisha akapata mkono. Akaingia sebuleni. Akazunguka pale, taratibu, duara likitosha. Akaelekea jikoni, akapita kwa shida. Akaingia kwenye korido, akafika mlango wa bafu.

"Hapa naishia," akasema.

Akarudi nyuma, akasogeza hadi mwisho wa korido, kwenye chumba cha nyuma kinachotazama ukuta wa jirani.

"Mama amesema hiki ndiyo changu." Akasoma maandishi niliyoyaandika mimi mwenyewe katikati ya chumba, kama yanavyoandikwa kwenye ramani zote. "Chumba cha wageni." Akamgeukia baba yake. "Baba, mimi ni mgeni?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Simu ya baba yake ikaita mfukoni, akaikata, na hiyo sijawahi kumwona akifanya. Akatoka nje, akasimama kando ya pikapu, mgongo kwetu, upepo ukimpeperushia shati. Mama akataka kumfuata, Atupele akamshika mkono.

Tulimsikia kabla hajarudi, maana alikuwa anapiga simu na sauti yake haikuwa imekaa sawa.

"Fundi. Kesho zege msimwage." Kimya. "Nimesema msimwage. Hata kama simenti imefika. Tunabadilisha." Kimya tena. "Kwa sababu binti yangu hapiti."

Akaingia, macho mekundu, akasingizia vumbi. Kaka Fredi, aliyesema familia za watu hatuzichori, alikuwa tayari ameshika kalamu anauliza upana wa kiti.

Nikafuta maneno "chumba cha wageni". Nikauliza niandike nini. Baba akasema, "Andika Atupele." Mwenyewe akasema, "Usiandike, dada. Kile sikitaki. Nataka cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Ukuta nimeutazama wa kutosha." Cha mbele ni cha Joshua. Ubishi ukaanza, baba akisema kijana ameshaahidiwa, binti akisema kijana ana miguu aende popote, na mama yao akacheka hadi akajifuta kwa kanga. Walipoondoka, vyumba vyote viwili vilikuwa havina jina.

Na mimi niko hapa, siwezi kukaa.

Korido lazima ipanuke, na ikipanuka inakula sebule, na mitaro imeshachimbwa. Bafu itabidi ligeuzwe. Mlango wa mbele unataka mteremko badala ya ngazi, na kiwanja chenyewe kina mwinuko. Hayo yote nayaweza, ni mistari, nitayamaliza.

Kinachonisumbua ni kingine. Wakati wapakiaji wanamshusha tena, mama aliniambia kwa chini kwamba Jumapili Atupele anarudishwa Itumba, kwa sababu nyumba ya kupanga bado ina zile ngazi. Mpaka nyumba iishe. Nyumba za watu hapa zinaanza msingi, zinasimama miaka, nyasi zinaota ndani ya vyumba. Nikamtazama Baba Joshua akikunja kile kiti kwa uangalifu, nikitaka kumuuliza. Sikumuuliza. Nilishika mlango wa gari usipigwe na upepo, basi.

Je, ni kazi yangu? Kaka Fredi angesema si kazi yangu, na leo mchana nadhani hata yeye asingekuwa na uhakika. Mbao za mteremko pale kwenye nyumba ya kupanga zingeweza kuwekwa kwa siku moja. Mlango mmoja kupanuliwa, mwenye nyumba akikubali. Hata Joshua na wenzake wangeweza kumpandisha na kumshusha, kama wale wapakiaji walivyofanya bila kuombwa mara mbili.

Asubuhi tunakutana kiwanjani Mpemba, wote, na Atupele atakuwepo. Nitapima korido mpya juu ya udongo, nitapigilia vigingi. Halafu, kabla hawajapanda gari, nitamuuliza baba yake mbele ya binti yake: kwa nini Jumapili arudi Itumba?