Karai Moja, Madirisha Mawili

Mshauri wangu mpendwa, kabla ya yote nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo ucheke, maana mwenzio hapa nilipo chakula hakipiti kooni, na mpishi akishindwa kula ujue kuna jambo.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, ni mpishi wa kantini katika kiwanda cha magodoro kilicho karibu na mpaka, na wafanyakazi wetu nusu ni watu wa huku na nusu wanavuka kila asubuhi kutoka nchi jirani, na kwa mambo yote wanaelewana vizuri tu, wanaazimana makoti ya mvua, wanaombeana udhuru kwa mabosi, wanazikana, isipokuwa jambo moja tu, chipsi. Sisi wa huku kiazi tunakimenya, tunakikata, tunakiloweka kwenye maji baridi saa nzima, halafu tunakikaanga mara mbili na tunakula na pilipili ya kusaga, lakini wenzetu wa ng'ambo wanasema kiazi kilicholowekwa kimeshakufa maji, kwao kinatoka kwenye kisu kinaingia kwenye mafuta, mara moja tu, basi, na juu yake siki, na sisi tunawajibu kwamba kiazi kisicholowekwa ni sawa na mtu aliyetoka kitandani hajanawa uso. Usiniulize nani yuko sahihi, mimi nataka kuishi.

Miaka mitano iliyopita watu walirushiana sahani kwa ajili hiyo hiyo, meneja akatoboa ukuta wa jiko yakawa madirisha mawili, dirisha la pilipili na dirisha la siki, akanunua na makarai mawili, na mimi nikaajiriwa kwa sababu nilimwambia naweza kukaanga za aina zote mbili, na kweli naweza, Mshauri, miaka minne nzima kila upande nimewapa zao kwa haki.

Sasa miezi minane iliyopita, asubuhi moja, karai la dirisha la siki likatoboka. Mafuta yote chini, mimi na Mama Maganda tukabaki tunatazamana, huyu ni mama mtu mzima anayenisaidia kumenya viazi, na foleni huko nje imeshaanza kugonga vijiko kwenye sahani. Ningefanya nini? Nikachukua viazi vyote nikavisuuza juu juu, nikavitia kwenye karai lililobaki, nikavikaanga mara moja na kuvirudisha dakika mbili tu, yaani si zetu si zao, chipsi zisizo na uraia, nikazigawa kwenye mabeseni mawili, moja dirisha hili, moja dirisha lile, nikasimama kusubiri matusi. Hakuna aliyegundua, Mshauri! Hata mmoja! Dirisha la pilipili wakala wakasema wale wa kule masikini wanakula takataka, dirisha la siki nao wakala wakasema maneno hayo hayo, na msimamizi wa ghala, mzee mmoja wa ng'ambo, mkali, ambaye akikohoa dirisha zima la siki linanyamaza, akaingiza kichwa dirishani akaniambia, "Mpishi, leo umeziweza. Hizi ndizo za nyumbani kwetu."

Na huyo mzee ndiye baba wa mchumba wangu. Binti yake ni fundi hapo hapo kiwandani, anatengeneza mashine za kushonea magodoro, na tulikuwa tumependana mwaka mzima lakini mzee amekataa katakata, alishaapa mbele ya watu kwamba bintiye haolewi na mtu wa upande wetu hata jua lichomoze magharibi. Basi nilipoendelea na karai langu moja kama miezi miwili hivi, huku naambiwa kila siku na ofisi ya manunuzi kwamba karai jipya linakuja wiki ijayo, mzee akaniita ghalani, akanikalisha juu ya rundo la sponji, akasema, "Kijana, niliapa. Lakini mtu wa kwenu aliyejifunza kukaanga chipsi zetu hivi, huyo moyo wake umeshavuka mpaka. Mchukue." Nikalia, Mshauri. Mzee akadhani nalia kwa furaha, na furaha ilikuwepo, sikatai, lakini haikuwa peke yake.

Mwezi wa tatu tangu lile litoboke, karai jipya likaja kweli, na hapa ndipo kosa langu lilipo, maana mpaka hapo ningeweza kusema ni dharura. Nikawaza nikilitumia, nikirudi kukaanga kama zamani, ladha itabadilika, mzee ataniuliza mbona siku hizi umeharibu, na mimi nitamjibu nini? Nikalifunika na magunia ya viazi. Liko huko mpaka leo, halijaonja mafuta.

Tangu hapo kila siku saa nne mpaka saa sita najifungia jikoni kwa komeo, na madirisha nayafunga, ili mtu asiingie akaona moto unawaka chini ya karai moja. Mchumba wangu kaja mara tatu kugonga, namwambia ngoja kidogo, na siku moja Mama Maganda akaangua kicheko humo ndani, kicheko chenyewe ni cha msichana wa miaka ishirini, ndiyo alivyojaliwa. Halafu nikitoka nanukia sabuni, kwa sababu mpishi asipooga kwa sabuni ya nguvu anaingia mtaani ananuka mafuta. Ijumaa iliyopita akanisimamisha getini.

"Jikoni kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Huyo hakuna mtu ndiye anayecheka?"

"Ni Mama Maganda."

"Na Mama Maganda anafungiwa mlango ili asitoroke?"

Akaniambia taratibu kabisa, na afadhali angepiga kelele, kwamba Jumamosi ya wiki ijayo tunatakiwa tuvuke kwenda kwa shangazi zake watatu kunitambulisha, na yeye hampeleki kwa shangazi zake mtu mwenye mlango wa kufunga, kwa hiyo kabla ya siku hiyo nimwambie ninachoficha au kila mtu ashike njia yake. Na huku mzee kashawatangazia hao shangazi kwamba mkwe anakuja na mikono yake, atawakaangia chipsi za kwao na watatoa machozi.

Nikimwambia binti, itabidi baba yake ajue, na mzee akijua amekula chipsi za karai la pilipili miezi minane na kuzisifia mbele ya watu, atanichana. Nimewaza mpaka nikafika mahali nikasema, kwa nini nisimwambie tu kwamba ni kweli kulikuwa na mwanamke na nimeshaachana naye? Wanawake wengine wamesamehe hilo. Nilipomwambia Mama Maganda akaweka kisu chini akanitazama, akasema, "Wewe una wazimu, andika gazetini." Ndiyo nimeandika. Niseme, nisiseme, au nihame kiwanda?

Ni mimi, Mpishi wa Madirisha Mawili.

MSHAURI ANAJIBU

Mpishi, uliniomba ningoje mwisho nimeshindwa. Nilicheka kwenye "chipsi zisizo na uraia" mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kulikoni. Nikamsomea, naye akacheka, kisha tukagombana, kwa sababu yeye ni mtu wa kuloweka na mimi tangu nizaliwe niko upande wa siki. Na kwa taarifa yako, mimi ningegundua siku ile ile ya kwanza.

Sasa tuache kicheko. Siku karai lilipotoboka hukukosa. Watu wana njaa, vijiko vinagonga, ulifanya ambacho mpishi yeyote mwenye akili angefanya. Kosa si hata siku ya pili. Kosa lako lina tarehe yake, ni siku ulipofunika karai jipya na magunia. Hapo hukuwa mpishi tena, ulikuwa mtu anayelinda sifa asiyostahili. La kuvunda halina ubani, kaka yangu, na wewe umejaribu kulifukizia sabuni ya kuogea.

Unasema mzee atakuchana. Labda. Lakini hebu msome vizuri. Miaka minne ulimkaangia za kwao, za haki, kwa mkono wako wewe mtu wa huku, hukudharau, hukutema mate, hukusema hiki chakula gani. Unafikiri mzee aliyeapa mbele ya watu angevunja kiapo kwa miezi miwili ya chipsi? Huyo alikuwa anakutazama muda mrefu, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea bila kuaibika, ukampa. Kwa hiyo utamwendea peke yake, ghalani, asubuhi kabla watu hawajajaa, na utaanza na samahani. Usianze na hadithi ya karai. Usimwambie, "Mzee, lakini ulizisifia." Ukilitamka hilo mimi simo, utajijua mwenyewe. Akikufokea, pokea. Akikufukuza ghalani, toka, na kesho yake urudi.

Na ole wako usimame kantini uwatangazie watu kwamba mmekula karai moja miezi minane, kwa hiyo sote ni ndugu! Najua wazo hilo limeshakupitia kichwani, wapishi mnapenda kuhubiri. Hakuna mtu anayekushukuru kwa kumwonyesha kwamba ulimi wake haujui kitu. Watu wana nchi moja moja tu za kujivunia, na wengine katika nchi hiyo kitu pekee wanachokila kwa raha ni hicho kiazi. Waache nacho. Kazi yako ni kukikaanga wanavyotaka.

Leo hii litoe lile karai chini ya magunia. Lioshe, lipashe mafuta, viazi vya dirisha la siki vitoke kwenye kisu viingie motoni kama ulivyofundishwa, vya dirisha la pilipili viloweke saa nzima bila kuibia hata dakika. Watakuuliza mbona ladha imebadilika, na watakuuliza, usijidanganye. Wajibu kwamba ulikuwa umezembea na sasa umeacha. Ni kweli, na haihitaji kumbukumbu, maana mwongo ndiye anayehitaji kumbukumbu. Komeo la mlango ling'oe. Huyo Mama Maganda mletee kiti chenye mto, maana amebeba siri yako bure na kicheko chake kimeingizwa kwenye kesi isiyomhusu.

Na kuhusu shangazi watatu, wala usipoteze usingizi. Unajua kukaanga za kwao. Kaanga.

Lakini kuna sentensi moja kwenye barua yako iliyonikata kicheko, na uliipitisha haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya duka anakodaiwa. Ulitaka kumwambia mchumba wako kwamba kulikuwa na mwanamke. Yaani ulikuwa tayari umvunje moyo binti wa watu kwa kosa ambalo hukulifanya, ili baba yake asikukasirikie kwa kosa ulilolifanya. Mpishi! Unaoa nani hapo, binti au mzee? Kama unamwogopa mkwe kuliko unavyomwonea huruma mwenzio, basi hiyo Jumamosi usivuke, baki na viazi vyako.

Kwa kawaida barua ya mtu siitoi kwa mtu mwingine. Leo navunja sheria yangu na nitalaumiwa. Barua yako haikufika hapa peke yake, ilitanguliwa kwa siku nne na barua ya dada mmoja, fundi wa mashine katika kiwanda cha magodoro, ambaye mchumba wake ni mpishi na anajifungia jikoni kuanzia saa nne mpaka saa sita. Kurasa mbili, mwandiko umenyooka, na kona moja ya karatasi ina alama ya kidole chenye grisi. Nilidhani ataniuliza jinsi ya kumfumania huyo mwanamke. Hakuuliza. Hata hajauliza ni nani. Swali lake ni moja tu: "Mimi nimepungukiwa na nini?"

Wewe miezi yote hii umekaa unapima hasira za mzee, kumbe mwenzio amekaa anajikagua mwenyewe, anatafuta kasoro.

Barua yake sijaijibu wala sitaijibu. Jibu lake unalo wewe, na gazeti hili linafika kantini kwenu kabla ya chakula cha mchana. Vua aproni, uende sasa hivi.