Mvi za Mama Yako

Susan binti yangu,

Nimeenda sokoni Custom kwa yule Mkenya mwenye mashine ya kuskani picha. Mboga ya kudra iko kwenye sufuria, mpashie moto mwanao Lagu akiamka. Funga mabegi yote, ila lile dogo liache wazi, nitarudi na flash yenye picha. ~~Msinisubiri.~~ Nisubirini. Risasi zikianza tena, tangulieni mpakani. Nitawafuata, mimi kutembea nimezoea.

Asubuhi nilikufokea ulipotupa zile negativu za picha kwenye takataka, eti zimeharibika, watu wana sura za majini. Malesh, nisamehe mwanangu, hukujua. Kwenye negativu cheusi hutoka cheupe mpaka kigeuzwe. Picha zenyewe ziliungua na nyumba yetu ya Yei ukiwa bado mchanga, zimebaki hizo tu.

Halafu ukainua moja dirishani ukacheka: "Baba, huyu bibi mwenye mvi ni nani?" Ndiyo maana niliacha chai nikatoka nje. Ni mama yako, Susan. Wewe ndiye huyo mgongoni, mdomo wazi kama leo asubuhi. Alikuwa msichana bado, na mwaka ule ule tulimzika. Hakuota mvi hata moja.

Leo utaona uso wake kwa mara ya kwanza, na nywele zake nyeusi. Zote zitageuzwa. Lakini hiyo moja nitamwambia Mkenya aniwekee pia vile ilivyo. Mimi nimezeeka peke yangu miaka yote hii. Humo tumezeeka wote wawili.

Chumvi imekwisha, nitapitia.

Baba