Nani Apite Kwanza

Mabanga, Goma
Tarehe 24 Februari 2002

Mpendwa mdogo wangu Munyaneza,

Nakusalimu kwa upendo wote wa dada. Habari za afya yako, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Noeli? Sisi tuko hai. Nimelisema mapema kwa sababu najua ndilo unalolitafuta katika barua hii. Mume wangu Habarurema ni mzima, mama mkwe Apolline ni mzima, watoto wawili ni wazima. Nyumba ndiyo imekwenda.

Barua yako ya Desemba ilinifikia juzi, ikiwa imechakaa kwa safari. Nilicheka kusoma kwamba ulianguka mtihani wa permi ya kuendesha kwa sababu huko Lusaka wanaendesha kushoto na mkono wako unarudi kuume peke yake. Lakini lile lingine, kwamba magari yakikutana njia panda kila mtu anangoja zamu yake bila polisi, nimelisoma mara tatu. Nani anawahesabia hizo zamu? Na wawili wakifika pamoja? Nieleze vizuri.

Umeniuliza huku kwetu nani anapita kwanza. Katika kitabu, ni yule anayetokea kuume. Barabarani ni mwenye gari kubwa, kisha mwenye klaksoni kali, na mbele ya wote ni askari wa wale wanaotutawala sasa, unawajua. Hivyo ndivyo ningekujibu mwaka jana. Ngoja nikusimulie ya siku mlima wa moto ulipopasuka.

Ilikuwa Alhamisi. Habarurema alikuwa Kalengera kununua maharage, amekwenda na lori la rafiki yake, pikapu ameiacha nyumbani. Mimi nilikuwa nimejifunza kuendesha Jumapili chache tu kwenye uwanja wa mpira; barabarani sijawahi. Na pikapu yenyewe aliinunua Kampala: usukani uko kuume, na sisi tunaendesha kuume. Ukiwa nyuma ya lori huoni kitu ila mtaro. Watu walipoanza kukimbia wakisukuma machukudu ya mbao yenye magodoro juu, nilipakia watoto na majirani nyuma, mama mkwe akakaa kushoto kwangu.

“Mama, uniangalilie mbele,” nikamwambia. “Kukiwa wazi useme pita.”

Mama huyu hajawahi kushika hata baiskeli. Lakini aliinamia kioo akaanza kazi. “Bado. Bado. Bado kabisa. Pita!” Na kila aliposema pita, kweli kulikuwa wazi.

Kwenye njia panda moja, jeep ya askari ilitokea kushoto ikipiga klaksoni. Wote walisimama. Mama akasema “Pita!” nami nikapita. Jeep ilifunga breki ikatugonga mlango. Askari mmoja akaruka chini, akaja mbio dirishani kwa mama.

“Wewe mama muzee, nani alikufundisha kuendesha?”

“Mutoto wangu, angalia vizuri,” mama akamjibu. “Mimi niko na usukani?” Akamwinulia kuku aliyekuwa amempakata.

Askari akainama, akaniona. Sijui kilichonisukuma, nikasema, “Nilitokea kuume, papa.”

Nilifikiri tumekwisha. Kisha akauliza, “Munaenda Gisenyi?” Nikaitika. Akarudi kwenye jeep, akamleta mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, akampandisha kwetu. “Huyu ni bibi yangu, Nshobole. Mimi sina ruhusa ya kuvuka. Mupite kwanza.” Akasimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza, akazuia jeep yake na magari yote mpaka tukatoka.

Tukavuka mpaka wa Rwanda. Kesho yake asubuhi, huko Gisenyi, tulikwenda kwa miguu kutafuta maji. Tulisimama kando ya barabara tungoje gari lipite, na lenyewe likasimama. Tukangoja, nalo likangoja. “Huyu anatafuta nani?” mama akauliza. Mimi nilidhani mota imekufa. Muuza ndizi aliyekuwa karibu ndiye aliyecheka, akatuambia, “Anawangoja ninyi!” Tulivuka mbio, majivu bado kichwani. Munyaneza, hakukuwa na polisi hapo. Najiuliza mpaka leo: ni woga wa kulipa amende, au ni moyo? Na huko kwenu ni kipi?

Siku ya tatu tulirudi. Juu ya mawe ya moto yaliyomwagika kutoka mlimani watu walikuwa wamefungua kinjia cha kutosha gari moja tu. Kuume hakuna, kushoto hakuna. Mwenye kubeba maji aliachiwa kupita kwanza. Niliuliza nani ametoa amri hiyo. Hakuna aliyejua.

Habarurema tulimkuta hapa Mabanga, kwa dada yake, amekonda. Alikuwa amezunguka siku mbili akituita majina. Nshobole alikaa nasi siku kumi na moja. Tulianza kuogopa kumtajia mumewe. Ndipo akaja, kwa miguu, bila bunduki, mkononi ana nyundo. Alimsalimu bibi yake, akamsalimu mama kwa mikono miwili, halafu akaenda kunyoosha mlango wa pikapu. Tulikula pamoja, wakaondoka.

Hata kabla ya mlima ulikuwa unasema tuhamie huko. Asante, lakini kwa sasa tunabaki. Habarurema anajenga kibanda cha mbao palepale nyumba ilipokuwa, juu ya mawe ambayo bado yana joto. Mipaka ya viwanja imefunikwa, na nyumba kwa nyumba watu wanagombana. Jana alipima kiwanja na jirani yetu Léopold, yule mfugaji aliyetoka Masisi. Nilikaa kando nikingoja kelele. Léopold alipiga kigingi chake, akakitazama, akaking’oa, akarudi nyuma hatua tatu. Habarurema naye akarudi tatu. Katikati pamebaki nafasi, na asubuhi hii gari la kwanza limepita.

Nisalimie mke wako Bénie na watoto. Mama mkwe anakusalimu, na Habarurema pia. Mungu akulinde katika kila njia unayoishika, aturudishe siku moja kwenye meza moja.

Dada yako akupendaye sana,
Uwizeye Athanasie