Boriti za Baba

Nyumbani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na zile ngazi za ofisini? Mama Mdogo je, mafua yamemwachia? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, ila ukimwambia alale anakuuliza nani atafagia.

Ile roshani ya ukumbi wa shule imebomolewa. Nimeona nikuandikie mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyezishika boriti zile marehemu Baba alipokuwa akizichomelea.

Unakumbuka nilivyokutumia kwa mbwembwe hesabu zangu za uzito ambao roshani ingeweza kubeba, wewe uliyenitangulia kwenye uhandisi. Kompyuta ilikuwa imezigawa boriti vipande vidogo vidogo, ikakokotoa jinsi kila kipande kinavyoelemewa, na picha yote ikatoka buluu, yaani salama. Nilitaka tu unipe hongera, watoto wakae juu siku ya mahafali. Badala yake ukauliza, "Ncha za boriti umezishikizaje?"

Nilikuwa nimeziweka kana kwamba zimemezwa na ukuta. Nikapanda ngazi kutazama. Kumbe zimekalia vibao vya chuma, na weldi yenyewe ya kugusagusa tu. Niliporekebisha hesabu ifuate nilichokiona, katikati ya boriti pakawa pekundu, yaani hatari. Nikavigawa vipande viwe vidogo zaidi, nikiomba wekundu ule uondoke. Haukuondoka.

Ndipo nikakusihi unitafutie kosa lingine. Najua nawe ulilitafuta kwa moyo wote. Mwishowe ukanipigia simu: "Sasa hesabu iko sawa, mwanangu. Roshani haifai."

Nilipompelekea habari, mwalimu mkuu alinuna, akaniita daktari wa vyuma. Lakini ukumbi aliufunga siku hiyohiyo.

Jana mchomeleaji alianza kukata. Mama aliomba kiti, akakaa mlangoni, mbali na cheche. Niliogopa kumtazama. Nilijua ataniuliza kama Baba alikosea. Hakuuliza. Boriti ya mwisho iliposhushwa, aliinuka akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, taratibu, mpaka mwisho.

Wasalimie Mama Mdogo na mapacha, na yule mkwe wenu mpenda ubishi. Mungu akutunze, akulainishie na hilo goti.

Mama anakusalimu. Amesema niandike kama alivyotamka: "Mwambie shemeji asijilaumu. Boriti zile hazikuwahi kumwangusha mtoto wa mtu. Na sasa hazitamwangusha."

Wako akupendaye,
Kasuku