Insha ya Dorkasi

Aneth, upo? Nimeaibika, bado siamini.

Mtendaji wa kijiji amekuja kukagua kama watoto wangu saba wanasoma kweli hapa nyumbani. Ratiba ukutani inasema hesabu, watoto wote wako shambani wanachimba viazi! Nikamweleza kwamba ukungu ukishuka tunasoma ndani, jua likitoka tunalima, hesabu tunaihamishia jioni.

"Mama Nahumu, hii ni shule au kibarua?"

Nikaogopa atalifunga darasa langu. Nikamwita Dorkasi, yule wa miaka minane, asome insha ya jana. Mada nilitoa mwenyewe: Rafiki wa Mama.

Akasimama wima, mikono ina udongo.

"Mama yangu ana rafiki mmoja. Anaitwa Aneth. Alihamia Makambako. Sasa anakaa kwenye simu. Siku hizi hajibu."

Siku hizi hajibu! Mbele ya mtendaji!

Yule baba akayatazama matuta weee, kisha akasema polepole, "Anasoma vizuri, mama. Endelea." Akaondoka, hata chai hajagusa.

Sasa Dorkasi ameshika ufutio, ananiuliza kama aifute ile sentensi ya mwisho.

Nimemwambia asubiri kwanza.