Goti la Wambui

Alhamisi, Ngoingwa

Sijui kwa nini sikusema ukweli pale pale.

Mchana nilikuwa kwa cherehani, simu iko kando inanionyesha alama za mechi ya Wambui huko ng'ambo. Alikuwa ameshinda seti ya kwanza. Ghafla alama zikasimama, halafu simu ikaandika kwamba amejiondoa, ameumia goti. Ni goti lile lile lililomweka nje mwaka jana. Nikaharibu kola ya shati la watu.

Jioni kwa kikundi cha maombi nikasimama. "Akina mama, niombeeni Wambui. Goti limerudi tena." Nikalia.

Mama Shiro akanishika bega. "Pole, mama. Wambui ni msichana wako?"

Nimehamia hapa juzi tu kutoka Witeithie, akina mama hawa hawawajui watoto wangu. Ningesema ni mchezaji wa tenisi, kwamba nilimwona mara moja tu Ruiru akiwa mdogo, na yeye hata hanijui. Badala yake nikaitikia kwa kichwa.

Sasa Jumamosi wanakuja wote kumwona mgonjwa, na unga na sukari, vile sisi huenda. Ngai! Nitawaonyesha nani? Kudanganya watu katikati ya maombi, mimi...

Lakini si hiyo inayoninyima usingizi. Nimetafuta kwa simu mpaka macho yanauma, na hakuna mahali wameandika kama atacheza tena.

Kesho ningeenda kwa Mama Shiro nikiri. Lakini naogopa. Wakijua si mtoto wangu, wataacha kumwombea.