Mbega wa Tana na Muuru Wetu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mutugi, bwana yangu, amerudi kutoka semina Meru mjini. Tisheti mpya, picha ya mbega mwekundu wa Mto Tana kifuani. Wamebaki wachache sana, anasema — na sauti ikamkatika. Mbega mwenyewe anaishi huko chini, karibu na bahari. Mutugi hajawahi kumwona. Mimi nilipougua nimonia alisema ni vumbi.

Jumatano, 5 Machi
Ametangaza mezani, mbega kifuani, kwamba mti wa muuru ulio juu ya kisima chetu utakatwa. Mbao za mimbari ya kanisa jipya. Yeye ndiye mwenyekiti wa ujenzi.

Nikamwambia muuru pia unaisha. Kutoka hapa mpaka Githongo sokoni sijui mwingine mkubwa hivyo. Akajibu mti si mnyama, mti haulii.

Kweli. Hauna mkia, hauna macho ya huruma, haupendezi kwenye tisheti. Kosa lake ni kuzaliwa mti.

Mama mkwe, Ciakuthii, akaweka kikombe chini. Akasema ule mwaka wa kiangazi kikali visima vya majirani vilikauka vyote, chetu chini ya muuru kikabaki na maji. Mutugi akamwambia kwamba Mungu atatoa maji.

Atatoa. Na wa kuyabeba ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia Felicitas, yule aliyefundisha semina. Nikauliza: kati ya mbega na muuru, nani wa kuhurumiwa zaidi? Akasema wote wako hatarini, na tena maji anayotegemea mbega yanatoka huku kwetu juu. Lakini mradi wao ni wa wanyama. Miti ina ofisi yake. Akanitakia siku njema!

Jumamosi, 8 Machi
Kinoti, mkata miti, amekuja na msumeno wake wa injini. Amezunguka muuru, akagoma kuwasha. Anataka kusikia kwa mdomo wangu kwamba nimekubali. Mwaka jana, anasema, alilala ndani kwa polisi kwa sababu ya mti wa mtu ambaye bibi yake hakuulizwa.

Kwa hivyo mwenyekiti amekuja mpaka mlango wa jikoni.

"Mama Kaari, mwambie tu neno moja."

Upole huo sijausikia tangu harusi.

Nimemjibu nasonga ugali, wangoje kidogo. Mama mkwe amenisogezea kiti, nimekaa, naandika. Wako nje wanangoja. Jiko halina hata moto.